Unamuuguza mzazi nyumbani? Anza na daftari kabla mtaji haujaisha

Muuguzi ana zamu, sare na mshahara. Muuguzaji ana kanga iliyolowa, ndoo, na simu inayoita kila jioni: "Vipi, mama anaendeleaje?" Mimi nilikuwa muuguzaji, yaani ndugu anayemuuguza mgonjwa nyumbani, kwa miaka minne, hapa Buza, Temeke, Dar es Salaam. Mama alipata kiharusi asubuhi moja akiwa anafagia uwanja, upande wa kulia ukapooza na maneno yakawa mazito mdomoni. Nilikuwa na meza ya chapati Tandika. Miezi mitano baadaye meza haikuwepo, mtaji ulikuwa umeliwa, na mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita wakati mimi sikuwa na hata ya mwezi mmoja.

Ninayoyaandika hapa niliyajua kwa kuchelewa. Nimeyapanga kwa hatua. Baadhi zitakuhusu na nyingine hazitakuhusu, ila mbili za mwanzo usiziruke, hata kama ndugu zako ni watu wema.

Hatua ya 1: Andika kila shilingi, na ile usiyoipata pia

Nunua kaunta buku. Usiandike kwenye simu, kwa sababu simu huisha chaji, huibiwa, na mjomba wako hatakubali kusomewa hesabu kwenye kioo kidogo. Kila ukurasa uwe wiki moja: tarehe, kitu, bei, nani katoa hela. Risiti zibane kwa pini ukurasa huohuo. Dukani wakikwambia risiti zimeisha, waombe wakuandikie kwenye kikaratasi na kugonga muhuri.

Huu ulikuwa mwezi wangu wa sita, kama ulivyo kwenye daftari:

Pampasi za watu wazima, tatu kwa siku, shilingi 162,000. Dawa za presha na za kuzuia damu kuganda, 68,000. Bajaji ya kliniki mara mbili, kwenda na kurudi, 28,000. Mazoezi ya viungo mara nne, 60,000. Chakula chake cha peke yake (uji wa lishe, matunda, samaki asiye na chumvi), 45,000. Sabuni, glovu, Dettol, mafuta ya mgando, 27,000. Maji ya ndoo na umeme wa ziada, maana shuka zinafuliwa kila siku, 25,000. Jumla 415,000.

Michango iliyoingia mwezi huo kutoka kwa ndugu wote ilikuwa 180,000, na huo ulikuwa mwezi mzuri.

Sasa unakuja mstari ambao hakuna anayeuandika. Chapati zilikuwa zinaniachia faida ya shilingi 12,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni 312,000 ambayo haikuingia, kwa sababu saa kumi na moja alfajiri, badala ya kukanda unga, nilikuwa nambadilisha mama. Iandike kwa wino uleule, kwenye orodha ileile. Gharama halisi ya kumuuguza mama mwezi ule ilikuwa 727,000, na zaidi ya robo tatu ya hiyo niliibeba mimi, ambaye kwenye ukoo nilijulikana kama "yule asiye na kazi". Kama wewe ni binti ambaye hajaolewa, au wifi aliyeolewa kwenye hiyo nyumba, unajua ninachosema.

Daftari lina kazi ya pili. Siku moja kuna mtu atanong'ona kwamba unakula hela za mgonjwa. Atanong'ona tu, wala usishangae. Siku hiyo usigombane, mpe daftari asome.

Hatua ya 2: Itisha kikao, siyo kundi la WhatsApp

Kundi letu la WhatsApp lilijaa mikono iliyokunjwa kuomba dua. "Pole sana dada, Mungu atakulipa." Mungu hulipa, sikatai, lakini mwenye duka la dawa anataka yake leo. Kwenye kundi mtu anasoma, anaweka dua, anazima data. Kwenye kikao anakuangalia usoni.

Chagua siku ambayo wengi wapo Dar, na mwombe mkubwa mmoja anayeheshimiwa aongoze ili wewe usiwe mdai na hakimu kwa pamoja. Kwetu aliongoza mjomba wa Kigamboni. Kaka mkubwa alikuwa kwenye simu ya video kutoka Mwanza.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Hali huku ngumu mdogo wangu, lakini mama ni wetu sote."

"Ni wetu sote kaka, ndiyo maana nimeleta daftari."

Mjomba akavaa miwani, akasoma kwa sauti mstari mmoja mmoja. Akafika chini, akasimama.

"Hii laki tatu na kumi na mbili ni dawa gani?"

"Si dawa, mjomba. Ni chapati ambazo sikupika."

Kwenye simu palikuwa kimya mpaka nikadhani mtandao umekata.

Baada ya hapo usiombe "msaada" wala "chochote mtakachojaliwa". Hayo maneno ndiyo yanayoleta elfu kumi ya M-Pesa mara moja kwa miezi mitatu. Taja mafungu, kila fungu liwe na jina la mtu na tarehe. Kwetu tuko watoto watano. Kaka wa Mwanza alichukua 150,000 kila tarehe 28. Dada wa Dodoma 100,000. Mdogo wetu anayeendesha bajaji hakuwa na hela ya kutoa kila mwezi, lakini kliniki zote zilikuwa zake, na usiku wa Jumamosi alilala yeye na mama. Wa mwisho yuko chuo: asubuhi tatu kwa wiki alikuwa anakuja kumnywesha mama uji na kumgeuza, mimi niende mezani. Usimdharau ndugu asiye na hela. Asubuhi tatu za yule mtoto ndizo zilizofufua meza yangu.

Makubaliano yaandikwe ukurasa wa mwisho wa daftari, kila mtu asaini, na anayeongoza asaini. Kila Jumapili jioni piga picha ya ukurasa wa wiki, weka kwenye kundi bila maelezo. Hapo ndipo WhatsApp ina faida. Na pangeni kabisa mtakutana tena lini, kwa sababu mtu aliyeahidi 150,000 Januari anaweza kuachishwa kazi Juni.

Hatua ya 3: Ziba matundu makubwa kwanza

Watu wengi huanza kubana kwenye mboga. Angalia daftari: kwangu tundu kubwa lilikuwa pampasi. Mchana, nilipokuwa karibu, nilianza kumlaza juu ya shuka la mpira lenye kitambaa cha pamba juu yake, na kumpa chombo cha kujisaidia kila baada ya muda uleule. Pampasi ikabaki moja tu, ya usiku. Kutoka 162,000 nikashuka hadi 54,000.

Lakini sikiliza: kitambaa kikilowa kibadilishwe palepale, na mgonjwa asiyejigeuza mwenyewe ageuzwe kila baada ya saa mbili. Kidonda cha kulala kikishafunguka kiunoni, bandeji, dawa ya kusafishia na mtu wa kuja kukiosha vitakula kila ulichookoa. Nimekiona kwa jirani. Kama huna mtu wa kukusaidia mchana, endelea na pampasi.

Mazoezi: mwombe mtaalamu akufundishe wewe, na umrekodi kwenye simu anavyoshika mkono na anavyokunja goti. Sisi tukawa tunakwenda mara moja kwa mwezi, akague na kusahihisha, mengine tunafanya nyumbani. Hapo palipungua 45,000. Dawa: mwambie daktari aandike jina la dawa yenyewe, siyo la kampuni, kisha uliza maduka matatu kabla ya kununua. Usikate vidonge nusu ili visogee mpaka mwisho wa mwezi. Kwa presha, huko ni kualika kiharusi cha pili.

Kwa mahesabu hayo, pamoja na bajaji ya mdogo wangu, zile 415,000 zilishuka hadi 234,000. Michango ya fedha taslimu ilikuwa 250,000. Ilitosha, na elfu kumi na sita ikabaki ya dharura.

Hatua ya 4: Hospitali, panda ngazi kwa mpangilio

Huku Dar tuna tabia ya kukimbilia Muhimbili moja kwa moja. Anza zahanati au kituo cha afya, upate rufaa kwenda hospitali ya wilaya, au ya mkoa kama Temeke, Amana au Mwananyamala. Bila rufaa utalipa zaidi, na mwenye bima anaweza kukataliwa.

Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo anastahili msamaha wa matibabu kwenye vituo vya serikali. Sera ya Wazee ya 2003 na Sera ya Afya ya 2007 zinasema hivyo. Kwa vitendo, anza kwa mwenyekiti au mtendaji wa mtaa, ukiwa na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) ya mzee na picha zake. Omba barua, kisha nenda nayo kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ukaulizie kitambulisho cha matibabu ya wazee. Ukifika hospitali uliza dirisha la wazee. Msamaha hautakupa dawa ambayo stoo imeisha. Hiyo utanunua nje, na iandike.

Kosa langu: mama alilazwa mara mbili katika hospitali moja ya umma na nikalipa bili zote mbili kwa hela ya kukopa, ya pili ikiwa 346,000. Wodini hakuna aliyenitajia ofisi ya ustawi wa jamii, nami sikujua kuuliza. Ilikuwa korido ileile, milango minne kutoka kwenye kitanda chake. Kwa hiyo siku ya kwanza mgonjwa anapolazwa, kabla bili haijakua, nenda kwenye hiyo ofisi ueleze hali. Usisubiri siku ya kuruhusiwa, maana hapo kila mtu anataka kitanda na wewe unataka kutoka.

Jambo jingine ambalo familia nyingi zimelikalia: kama kuna ndugu mmoja aliyeajiriwa na anachangia bima ya afya ya taifa, NHIF, anaweza kuandikisha wategemezi, na wazazi wamo. Mwulize nafasi zake zimejaa? Atahitaji cheti chake cha kuzaliwa kuthibitisha kwamba huyo ni mzazi wake. Kwetu dada wa Dodoma alikuwa na nafasi mbili tupu kwa miaka yote hiyo. Hakuwa na roho mbaya, hakuna aliyemwuliza. Na kwenye zahanati ulizia mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa wenu. Mpango mpya wa kitaifa wa wahudumu hao ulizinduliwa Januari 2024. Akija kupima presha nyumbani, umeokoa bajaji.

Hatua ya 5: Fungua bahasha ya mgonjwa mwenyewe

Chini ya godoro au juu ya kabati kuna bahasha ya kaki. Ifungueni pamoja, mkiwa wawili au watatu, siyo wewe peke yako. Mnatafuta kadi ya NSSF au PSSSF (mifuko ya hifadhi ya jamii), barua za kustaafu, kitabu cha benki, daftari la VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa).

Mgonjwa aliyekuwa anachangia NSSF na sasa hawezi tena kufanya kazi anaweza kustahili mafao ya ulemavu. Kama anapokea pensheni, hakikisheni hapitwi na uhakiki wa wastaafu, maana asipohakikiwa malipo yanasimama. Kama hawezi kutoka kitandani, watafuteni mapema muulize atahakikiwaje, msingoje hela ikosekane kwenye akaunti.

Aliyeumia kazini au kupata ugonjwa uliotokana na kazi anahusika na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mwajiri wake anapaswa kutoa taarifa, nanyi mfuatilie asipotoa. Miongoni mwa mafao ya mfuko huo kuna malipo kwa anayemhudumia mgonjwa. Soma tena hayo maneno. Kati ya yote niliyowahi kuyafuatilia, ni hapo tu nilipokuta kazi yetu imepewa fungu lake.

Suala la PIN ya simu na kadi ya benki: wakati akili ya mgonjwa bado iko sawa, aeleze mbele ya watoto wake nani atamtolea hela, na kama kuna kiasi cha maana au nyumba, nendeni kwa wakili muandikiane hati ya kumpa mtu mamlaka. Kutoa hela kwa PIN ya mama usiku, hata kama ni ya pampasi zake, kutakusumbua siku ya mirathi.

Hatua ya 6: Usilishe kausha damu

Kausha damu ni mikopo ya mtaani ya riba kubwa, inayorudishwa kila siku. Nilikopa 200,000. Wakakata 20,000 ya fomu, nikapewa 180,000 mkononi. Marejesho 10,000 kila siku kwa siku 26. Piga hesabu mwenyewe: nilirudisha 260,000, yaani 80,000 juu ya kile nilichoshika, ndani ya mwezi usiofika. Siku nne za mwisho nililipa kwa kukopa kwa jirani. Dhamana ilikuwa friji na godoro alilolalia mama.

Mikopo ya kwenye simu inayoingia kwa dakika mbili ni ndugu wa hao. Wengine wakikudai wanapigia hata mchungaji wako. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za kukopesha zisizo na kibali. Kabla ya kukopa popote, dai kuona leseni ya Benki Kuu, na dai kuambiwa jumla utakayorudisha, siyo asilimia.

Kama unacheza upatu, nenda leo kwa kijumbe, yule anayekusanya hela, umweleze hali yako. Omba usogezwe mbele upokee mapema, au utolewe mzunguko huu kwa amani. Kuacha kulipa kimyakimya ndiko kunakoharibu jina mtaani, na jina ndilo litakalokupa unga kwa mali kauli. Kama uko VICOBA, uliza kuhusu mfuko wa jamii. Uko kwa ajili ya ugonjwa na msiba, lakini wanachama wengi wanaona aibu kuuomba mpaka mtu afe.

Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Inapitia kwenye vikundi, na mlango wake ni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Ni mkopo mzuri kwa biashara iliyokwisha kusimama. Kuununulia pampasi ni kujifunga kamba shingoni, na wenzako kwenye kikundi nao unawafunga.

Hatua ya 7: Rudisha kipato, hata nusu

Kwa walioajiriwa: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 28 za likizo ya mwaka. Inatoa pia angalau siku nne zenye malipo mtoto wako akiugua au akifariki, au ukifiwa na mwenza, mzazi, babu, bibi, mjukuu, kaka au dada. Umeona? Mzazi akifa, unapewa siku. Mzazi akiugua, hayumo kwenye orodha. Sheria nayo kama ukoo. Basi likizo yako ya mwaka usiimalize kwa mkupuo wiki ya kwanza ambayo ndugu wote wamejaa nyumbani. Igawe na msimamizi wako, siku mbilimbili za kliniki. Na usiache kazi mpaka kikao cha hatua ya pili kimekaa. Nimewaona watatu walioandika barua ya kuacha kazi kwa machozi, na waliowashangilia ndio waliokuwa wa kwanza kupunguza michango.

Kwa sisi wa biashara ndogo, chagua kitu kinachoweza kusimama nusu saa bila kuharibika. Chapati za kukaanga hazingoji: mama akiita, ya juu ya kikaango imeungua. Siku ambazo mdogo wangu hakuja, niliuza mkaa wa kupima na barafu za ubuyu mlangoni. Mteja akikuta kimya, aligonga bati. Sikurudi kwenye 312,000, sidanganyi, lakini nilifika karibu nusu yake, na kodi nikawa nalipa miezi mitatumitatu baada ya kumbembeleza mwenye nyumba. Faida ya siku ikishatoka, toa kwanza ya mtaji, iweke kibubu kisichokuwa chumba kimoja na dawa.

Hatua ya 8: Siku ikifika

Mama alifariki mwezi wa kumi mwaka jana. Turubai lilisimama kabla ya saa sita. Watu waliokuwa hawana nauli ya kuja kumwona walikuja na mabasi mawili, na daftari la rambirambi lilijaa kwa siku mbili kiasi ambacho daftari langu halikuwahi kukiona kwa mwaka mzima.

Usinyamaze siku hiyo kwa kuogopa kuonekana una tamaa. Kabla ya watu kutawanyika, mwombe aliyeongoza kikao akae na wanaohesabu rambirambi, madeni ya kuuguza yasomwe na yalipwe kwanza: duka la dawa, jirani, kodi. Kisha muuguzaji apewe mtaji wa kuanzia, uitwe mtaji hivyohivyo, mbele ya watu. Mjomba alilisoma daftari langu kwa mara ya mwisho chini ya turubai. Baada ya madeni alinihesabia 200,000. Kesho yake mdogo wangu alinipeleka kwa bajaji mpaka Tandika, tukarudi na mifuko miwili ya unga, mafuta lita kumi na gunia la mkaa.